Kompyuta ndogo ya mezani: Pima kabla ya kununua, ondoa kabla ya kubadilisha

Fungua kompyuta ya mezani ya kawaida, ile ya mnara inayokaa chini ya meza, kisha chungulia ndani. Kitu kikubwa utakachokiona ni hewa. Mazabodi imebanwa ukutani, pawasaplai iko pembeni, diski ina kona yake, na katikati pamebaki nafasi ya kupitisha mkono mzima. Kasha la namna hiyo huwa na ujazo wa lita 40 au zaidi. Kazi yake yote leo inaweza kufanywa na kasha la lita 10, na kazi za kawaida za ofisini zinaweza kufanywa na kisanduku cha lita moja kinachofungwa nyuma ya monita kwa skrubu nne.

Kwa mtu aliyepanga chumba kimoja Manzese jijini Dar es Salaam au Umoja jijini Nairobi, ambaye meza yake ndiyo ya kulia, ya kusomea na ya kufanyia kazi, tofauti hiyo ni kubwa. Ni kubwa pia kwa shule inayotegemea sola, kwa kibanda cha kuchapa na kutoa kopi, kwa studio changa ya video, na kwa kila anayenunua umeme kwa tokeni na kuziona uniti zinavyoshuka.

Hata hivyo, udogo una masharti yake. Kasha kubwa humvumilia aliyenunua bila kupima. Kasha dogo halimvumilii: milimita mbili zinatosha kufanya kifuniko kikatae kufunga, na joto lisilopewa njia ya kutokea hubaki humohumo likizunguka. Anayetaka kujenga kompyuta ndogo na kuitunza anahitaji kanuni mbili tu, kupima kabla ya kununua, na kuondoa kabla ya kubadilisha, yaani kuondoa kwenye orodha kisichokuwa chanzo cha tatizo kabla ya kubadilisha kipuri. Nimeona watu wengi wakipoteza fedha kwa kuzipuuza, na wengi wao hawakuwa na fedha za kupoteza.

SENTIMITA 17 KWA 17

Ukubwa wa kompyuta ya mezani huamuliwa na mazabodi. Mwaka 1995 Intel ilitoa kiwango cha ATX, ubao wa sentimita 30.5 kwa 24.4, na watengenezaji wa makasha duniani kote wakaufuata. Mwaka 2001 kampuni ya VIA ya Taiwan ikatangaza Mini-ITX, ubao wa sentimita 17 kwa 17, ambao eneo lake halifiki asilimia 40 ya lile la ATX. VIA iliukusudia kwa prosesa zake zilizotumia umeme kidogo, lakini ubao huo umesafiri mbali kuliko walivyotarajia waliouanzisha. Leo hubeba prosesa zilezile zinazofungwa kwenye mazabodi kubwa. Matundu yake manne ya skrubu yanalingana na manne ya ATX, kwa hiyo unaweza kuufunga hata kwenye kasha kuukuu ulilonalo nyumbani huku ukijipanga kununua dogo.

Kilichopunguzwa ni nafasi ya kuongeza. Mazabodi nyingi za ATX zina sloti nne za RAM na sloti kadhaa za kadi. Mini-ITX ina sloti mbili za RAM na moja ya kadi, basi. Aliyepanga kuanza na vibao viwili vya GB 4 kisha aongeze mwakani atalazimika kuvitoa vyote viwili na kuanza upya. Ni afadhali kununua kibao kimoja cha GB 16 leo, sloti ya pili ikabaki wazi ikisubiri.

Pawasaplai nayo imepunguzwa. Ile ya ATX ina vipimo vya milimita 150 kwa 140 kwa 86, na ndefu zaidi zipo. Ile ya SFX, inayotumiwa na makasha madogo, ni milimita 125 kwa 100 kwa 63.5. Ukizidisha utaona kwamba ujazo wake haufiki nusu ya ile ya kwanza. Usinunue yoyote kabla ya kusoma kasha lako linataka ipi.

Makasha yenyewe yalichukua muda kuufikia ubao huu. Mwaka 2013 lilitoka NCASE M1 la lita 12 na ushei, lililotengenezwa kwa fedha za wanunuzi waliochangia kabla halijaingia kiwandani. Kasha la A4-SFX la DAN Cases ya Ujerumani lilifuata njia hiyohiyo mwaka 2016, likiwa na lita 7.2 tu. Ndani yake mazabodi na kadi ya michoro zinapeana mgongo, ukuta ukiwa katikati, na kinachoziunganisha ni kebo bapa. Mpangilio huo sasa umeenea kila mahali, na kebo yake tutairudia, maana ina mashauri yake.

RULA ITANGULIE POCHI

Kipimo cha kwanza ni kimo cha kipozajoto cha prosesa. Kila kasha dogo hutaja mwisho wake. Kuna yanayoruhusu milimita 70, na kuna yanayoishia chini ya 50. Kipozajoto cha mnara cha milimita 155, ambacho ni cha kawaida kwenye kompyuta kubwa, hakina nafasi humo. Noctua ya Austria hutengeneza kimoja cha milimita 37, feni ikiwa imehesabiwa. Kifupi hivyo hakiwezi kupoza prosesa yoyote ile, na ndiyo maana prosesa na kipozajoto huchaguliwa pamoja.

Kipimo cha pili ni cha kadi ya michoro. Wengi husoma urefu wakaishia hapo, kumbe kuna upana na unene, na juu ya upana huo kuna plagi ya umeme na mkunjo wa waya wake. Mkunjo huo usidharauliwe. Kadi za RTX 4090 zilipotoka mwaka 2022 zilikuja na plagi ya pini 16, na baadhi ya plagi ambazo hazikusukumwa hadi mwisho zilipata moto zikayeyuka. Ndani ya kasha dogo, kifuniko kinachobana waya kinaweza kuilegeza plagi iliyokuwa imeingia vizuri. Acha nafasi ya waya kupinda kwa raha.

Cha tatu ni kimo cha vibao vya RAM. Vile vyenye mabati marefu ya mapambo huzuia kipozajoto kukaa. Nunua vifupi, kasi yake ni ileile. Cha nne ni SSD ya M.2, ambayo kwa kawaida ina upana wa milimita 22 na urefu wa 80. Hapa mtego hauko kwenye ukubwa. SSD ya NVMe na ya SATA zinaweza kufanana kwa macho, ilhali sloti nyingi za kisasa hukubali NVMe pekee. Soma maelezo ya mazabodi, usikisie.

Kuna swali moja la kujiuliza kabla ya vipimo vyote hivyo: je, kazi yako inahitaji kadi ya michoro? Prosesa nyingi zina michoro yake ndani. Ryzen 5 7600 ya AMD, yenye koa (core) sita, inatosha kuonyesha picha kwenye monita bila kadi yoyote. Mfululizo wa G wa kampuni hiyohiyo una michoro yenye nguvu zaidi. Kinyume chake, prosesa za Intel zenye herufi F mwishoni hazina michoro kabisa, na bila kadi hazitaonyesha kitu. Ukiweza kuishi bila kadi, kasha linanywea ghafla. Kisanduku cha ASRock DeskMini X300 kina lita 1.92 na hulishwa na adapta ya volti 19 yenye wati 120, lakini ndani yake hukaa prosesa kamili ya mezani. Kwa anayeandika, anayetengeneza hesabu za duka, au anayejifunza kuandika programu, hicho kinatosha.

JOTO LA PWANI LINA HESABU YAKE

Hapa ndipo wasomaji wetu hupotoshwa na takwimu za majaribio ya Ulaya na Marekani. Majaribio mengi hufanyika kwenye chumba cha nyuzi 20 au 22. Kipozajoto hakina uwezo wa kuteremsha joto la prosesa chini ya joto la chumba. Kinachofanya ni kupunguza tofauti kati ya viwili hivyo. Ikiwa prosesa ilifika nyuzi 76 kwenye chumba cha 21, tofauti ni 55. Ilete mashine hiyohiyo Tanga mwezi Februari, kwenye chumba cha nyuzi 32, na kwa kazi ileile itakuwa karibu 87. Haikuharibika. Imeongezewa tu joto ililolikuta.

Prosesa nyingi za Ryzen 7000 zina kikomo cha nyuzi 95, na nyingi za Intel huishia 100. Zikikaribia hapo hujipunguzia kasi zenyewe, mtumiaji akaona video inagandaganda au mchezo unakwamakwama. Ndani ya lita 10, kwenye hewa ya pwani, umbali wa kufika huko ni mfupi.

Dawa ya kwanza ni njia ya hewa. Hewa baridi iingie upande mmoja na ya moto itoke upande mwingine, zisikutane. Kipozajoto kinachokaa karibu na tundu za kifuniko kinapaswa kuvuta hewa ya nje moja kwa moja. Kikiachwa mwanya wa sentimita kadhaa, kitaanza kuvuta hewa ambayo kimeshaipasha chenyewe. Ndiyo maana wajenzi huziba mwanya huo kwa pete ya sponji au plastiki, na nyuzi kadhaa hushuka bila kununua feni mpya. Makasha mengi pia hupoa vizuri zaidi yakisimama kwenye miguu mirefu kidogo, hasa yale yanayovuta hewa kwa chini.

Dawa ya pili haina gharama, nayo ni kupunguza umeme. Ryzen 5 7600 imeandikwa wati 65, lakini kwa kazi nzito inaruhusiwa kuvuta hadi 88. Kwenye BIOS, yaani programu ya mipangilio iliyomo kwenye mazabodi, kuna mpangilio uitwao Eco unaoishusha hadi karibu wati 61. Umeme unapungua kwa karibu theluthi moja, ilhali kasi haipungui kwa kiwango hicho, kwa sababu wati za mwishomwisho ndizo zinazozalisha joto jingi kwa faida ndogo. Kadi ya michoro nayo inaweza kuwekewa ukomo wa asilimia 80 ya umeme wake, ikaendelea na kazi bila mtumiaji kuhisi pengo kubwa. Kwa nchi yenye joto, mpangilio huo ungepaswa kuwa wa kawaida.

Adui mwingine ni vumbi, na ndugu yake hewa ya chumvi. Vichujio vya kasha vioshwe mara kwa mara. Mguso wa RAM ulioshika ukungu usafishwe kwa spiriti safi na kitambaa kisichoacha nyuzi. Wanaoishi karibu na bahari wajue kwamba kompyuta inayokataa kuwaka baada ya masika mara nyingi haijafa. Inataka RAM itolewe, isafishwe, irudishwe.

IWAKE MEZANI KWANZA

Kosa la kawaida la anayejenga kwa mara ya kwanza ni kufunga kila kitu ndani ya kasha, kukaza skrubu ya mwisho, ndipo abonyeze swichi. Isipowaka, ana mambo 20 ya kushuku na hana nafasi ya kuingiza vidole.

Fundi makini hufanya kinyume. Huweka mazabodi juu ya boksi lake la karatasi, maana karatasi haipitishi umeme. Huweka prosesa, kipozajoto, na kibao kimoja tu cha RAM kwenye sloti inayotajwa na kitabu cha maelezo. Huunganisha plagi mbili za umeme: ile kubwa ya pini 24, na ile ya pini 8 ya prosesa ambayo husahaulika kuliko zote. Hukagua kwamba feni ya kipozajoto imechomekwa. Huunganisha monita. Hakuna kadi, hakuna SSD, hakuna swichi ya kasha. Kisha hugusisha pini mbili za kuwashia kwa ncha ya bisibisi, sekunde moja, na kuachia.

Feni inazunguka, na kioo cha monita ni cheusi. Hapa wengi huzima haraka, na kumbe ndipo pa kusubiri. Kompyuta zenye RAM ya DDR5, hasa zile za AMD zenye soketi ya AM5, zikiwashwa mara ya kwanza huipima RAM kwa dakika kadhaa kabla ya kuonyesha chochote. Anayezima na kuwasha huzirudisha mwanzo. Tazama badala yake taa nne ndogo ambazo mazabodi nyingi za kisasa zinazo, zimeandikwa CPU, DRAM, VGA na BOOT. Taa iliyobaki inawaka ndiyo inayoeleza mashine imekwama wapi. Ikiwa ni ya DRAM, subiri. Ikiendelea kwa robo saa, hamishia RAM kwenye sloti ya pili au jaribu kibao kingine. Ikiwa ni ya CPU kwenye mashine mpya, huenda BIOS ilitoka kiwandani kabla prosesa yako haijatoka. Mazabodi nyingi zina kitufe cha kuisasisha kwa flashi, hata kabla prosesa haijawekwa.

Mashine ikiwaka mezani, ongeza kitu kimoja kimoja: kibao cha pili cha RAM, kisha SSD, kisha kadi. Ikikataa baada ya kuongezwa kitu fulani, mtuhumiwa unamjua. Ikiwaka na vyote mezani ikakataa ndani ya kasha, vipuri vyako ni vizima na tatizo liko kwenye kasha: kinguzo cha shaba kilichobaki mahali pasipo na tundu kikagusa mgongo wa mazabodi, ulimi wa bati la nyuma ulioingia ndani ya tundu la USB, waya wa swichi uliochomekwa pini zisizo zake, au kebo iliyobanwa. Kipimo hicho kimoja cha mezani kinagawa matatizo yote katika mafungu mawili, na hakigharimu hata senti.

KADI ILIYOSEMEKANA IMEKUFA

Kijana mmoja anayehariri video za harusi aliniletea kompyuta yake ya lita 10. Feni zote zilikuwa zinazunguka, monita nyeusi. Alikuwa ameshaipeleka kwa fundi.

"Kaka, ameniambia kadi imekufa, ninunue nyingine," alisema. Bei ya kadi hiyo ilikuwa inakaribia ya vipuri vingine vyote vikijumlishwa.

Nilichomoa waya wa monita kwenye kadi nikauchomeka nyuma ya mazabodi, maana prosesa yake ilikuwa na michoro ndani. Picha ikaja. Hiyo peke yake ilionyesha kwamba prosesa, RAM, mazabodi na pawasaplai vilikuwa vinafanya kazi. Zikabaki kadi yenyewe na kebo bapa inayoiunganisha. Kebo ilikuwa na maandishi madogo kwenye ncha yake yaliyoonyesha kwamba ilitengenezwa kwa PCIe 3.0, yaani kizazi cha tatu cha kiwango cha sloti ya kadi. Kadi na mazabodi vilikuwa vya 4.0.

Kwenye mazingira hayo, kadi na mazabodi hukubaliana kuzungumza kwa kasi kubwa zaidi wanayoiweza wote wawili, bila kujua kwamba njia iliyo kati yao haiwezi kuibeba. Ishara zinavurugika, na picha haitoki au inatoka na kukatika. Niliingia BIOS nikaiwekea sloti ukomo wa Gen 3, nikahifadhi, nikarudisha waya kwenye kadi. Kompyuta ikaonyesha picha, na jioni hiyo kijana akaendelea kukata video yake. Kwa kadi kama ile, hasara ya kasi kutoka 4.0 kwenda 3.0 ni ndogo mno kuionea hasira, na akitaka kuiondoa kabisa atanunua kebo, si kadi.

Kebo hizo zina upande mwingine wa kuogopesha. Februari 2021 kasha la NZXT H1 liliondolewa sokoni Marekani kwa tangazo la mamlaka ya usalama wa bidhaa, kwa sababu skrubu zilizoshikilia sehemu ya kebo ya kadi ziliweza kugusisha njia ya umeme na bati la kasha na kuwasha moto. Ukiona kebo imechubuka au imekunjwa kwa pembe kali, itupe.

INAPOZIMIKA KATIKATI YA KAZI

Tatizo jingine la kompyuta ndogo ni kuzimika ghafla wakati wa kazi nzito. Watuhumiwa wakuu ni wawili, joto na umeme, na tabia zao hazifanani. Joto hutoa taarifa: kasi hushuka, feni hupiga kelele, nyuzi hupanda kwenye programu kama HWiNFO, ndipo mashine huzimika. Umeme hautoi taarifa. Kila kitu kinaonekana kizuri, nyuzi ziko 70, mara puu, giza. Kadi za kisasa huweza kuruka kwa sehemu ndogo ya sekunde juu sana ya wati zilizoandikwa kwenye boksi, na pawasaplai dhaifu hujikinga kwa kuzima. Iwekee kadi ukomo wa umeme, ujaribu kazi ileile. Ikiacha kuzimika, umeshapata jibu kabla ya kununua chochote.

Makosa yasiyo na mpangilio, kama faili kuharibika au skrini ya buluu inayokuja na sababu tofauti kila siku, yaanze kuchunguzwa kwenye RAM. MemTest86+ ni programu ya bure inayowashwa kutoka kwenye flashi. Iache ifanye kazi usiku kucha. Kosa moja tu linatosha kukuambia kuna tatizo. Zima kwanza mpangilio wa kuongeza kasi ya RAM, ule unaoitwa XMP au EXPO, kisha upime tena kabla ya kulaumu kibao.

Onyo moja ningependa libandikwe kwenye kila duka la vipuri. Waya za pawasaplai zinazochomoka pande zote mbili hazibadilishwi kati ya kampuni moja na nyingine. Upande wa mazabodi na diski una kiwango kimoja, lakini upande wa pawasaplai kila mtengenezaji hupanga pini anavyotaka. Waya utaingia bila shida, na ukiwasha unaweza kupeleka volti 12 mahali pa volti 5, SSD na kila kilichomo vikaungua papo hapo. Waya zinazouzwa zikiwa zimefungwa mafungu mezani, bila pawasaplai yake, ziache hapo. Wala usifungue pawasaplai yenyewe, kwa kuwa kapasita zake hubaki na chaji hata baada ya kuchomolewa ukutani.

KISANDUKU CHA LITA MOJA DUKANI

Wengi wetu hatutajenga kuanzia mwanzo, tutanunua iliyotumika. Mwaka 2012 Lenovo ilileta ThinkCentre M92p Tiny, na miaka miwili baadaye Dell ikawa na OptiPlex Micro, na HP ikawa na EliteDesk Mini. Zote ni za lita moja hivi, zilizotengenezwa kwa ajili ya ofisi, benki na hospitali. Zikimaliza muda wake Ulaya na Marekani, nyingi hufika Kariakoo jijini Dar es Salaam na barabara ya Luthuli jijini Nairobi. Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inataka kwa kawaida prosesa za Intel za kizazi cha nane kwenda juu. Matokeo yake, mashine nzima zenye prosesa kama Core i5-6500T zinatolewa maofisini. Kwa mfumo endeshi kama Linux Mint au Debian zitafanya kazi miaka mingi bado.

Kabla ya kulipa, omba iwashwe mbele yako, uingie BIOS: F2 kwa Dell, F10 kwa HP, F1 kwa Lenovo. Ikidai nenosiri la kampuni ya zamani, iache. Angalia adapta. Dell husoma utambulisho wa adapta kupitia pini nyembamba ya katikati, na ikipewa isiyotambulika hutoa onyo na kuipunguzia prosesa kasi. Kompyuta nyingi zinazouzwa kwa sifa ya kuwa nzito zimepewa tu adapta ya kubahatisha. Tarehe ikirudi nyuma kila ikichomolewa, betri ya CR2032 ya volti 3 imekwisha, na hiyo ni bei ya soda mbili tatu. Ikiwa feni inanguruma bila kazi, pesti ya kupitisha joto kati ya prosesa na kipozajoto huenda imekauka. Ifute, weka mpya kiasi cha punje ya dengu, pangusa vumbi kwenye mapezi, na kelele itatulia.

Faida kubwa ya mashine hizi iko kwenye umeme. Prosesa zenye herufi T zina wati 35, na kisanduku kizima kikifanya kazi za ofisi huvuta wati kama 25. Kikiwa na monita ya wati 20, jumla ni 45, na ukiongeza upotevu wa inveta ni kama 52. Betri ya volti 12 ya ampea-saa 100, ikitumiwa nusu ili isife mapema, ina wati-saa 600. Hiyo ni kazi ya saa 11. Maabara ya shule yenye visanduku 20 na monita zake hutumia wati 900 hivi, chini ya pasi moja ya umeme. Mkuu wa shule ya kijijini anayeambiwa sola yake haitoshi kwa kompyuta aulize kwanza ni kompyuta za aina gani zilizohesabiwa.

Hayo yote yanawezekana ikiwa tutaacha kutengeneza kwa kubahatisha. Kubadilisha kipuri kimoja baada ya kingine hadi mashine iwake si ufundi. Ni kumtwisha mteja gharama ya kutojua. Vyuo vya ufundi vinavyofundisha kufunga na kufungua kompyuta vitoe uzito uleule kwa kutafuta chanzo cha tatizo: RAM moja, plagi mbili, taa nne, kitu kimoja kimoja. Na wewe mteja una haki yako katika hili. Ukiambiwa kipuri kimekufa, omba kitolewe, kifungwe kwenye mashine nyingine, na uone kwa macho yako kikikataa kufanya kazi. Fundi anayeijua kazi yake atakuonyesha kwa furaha, na huyo ndiye wa kumpa fedha yako.